Jiwe Lililopikwa Mlowo

Treni iliyomchukua mama yake mkubwa kwenda Mbeya ilikuwa imekwisha kuondoka, na Ketrina alikuwa amebaki kwenye stesheni ya Tunduma na viatu vilivyombana vidole. Watu walijaa kama siku ya gulio. Walioteremka kutoka Zambia waliburura magunia, wapagazi walikuwa wakigombana, na mwanamke mmoja wa Kibemba aliuliza bei ya chumvi kwa kila aliyepita, hata polisi. Kulikuwa na benchi moja tu lisilo na mtu, na juu yake begi dogo la turubai.

Ketrina akalishika kwa mkono mmoja alisogeze. Halikusogea. Akalishika kwa mikono miwili, akavuta kwa hasira za miguu inayouma. Begi likaserereka, likaanguka sakafuni kwa kishindo kilichowageuza watu shingo, na likakosa kidole chake kikubwa kwa upana wa njiti ya kiberiti.

Kijana mmoja alikuja mbio na kikombe cha chai mkononi, nusu yake ikiwa imeshamwagikia mkono wa kaunda suti.

"Kaka," Ketrina alimwambia, "umebeba nini humu, maiti?"

"Maiti angekuwa mwepesi, dada. Pole sana. Umeumia?"

"Bado. Naona ulitaka kwanza unywe chai."

Kijana akacheka, akainama kuokota begi. Ketrina alikuwa fundi cherehani, na macho ya fundi hayana adabu: yaliiona kaunda suti kabla ya uso. Ilikuwa ya kijivu, imepigwa pasi vizuri, lakini kifuani ilikuwa na vitobo vidogo vingi ambavyo kingo zake zilikuwa za kahawia. Nondo hatobui nguo namna hiyo.

"Ni tindikali," kijana alisema, akifuata macho yake. "Nafanya kazi maabara, shule ya sekondari pale Mlowo. Naitwa Jairo Kibona, mtu wa Ileje."

"Na maiti anaitwaje?"

Alifungua zipu kidogo. Ndani kulikuwa na mabonge manne ya metali, kila moja kama nusu mche wa sabuni, meupe kama fedha lakini yenye wekundu wa mbali sana, kama ukucha wa mtoto.

"Bismuthi. Rafiki yangu anafundisha chuo cha ufundi Ndola, amenipa kwa ajili ya wanafunzi wangu, na karatasi ya chuo ninayo."

"Jina kama la ugonjwa."

"Kinyume chake. Kuna dawa za tumbo zinatengenezwa kwayo. Ni nzito karibu sawa na risasi, lakini haina sumu kama risasi." Akafunga zipu taratibu, kama mtu anayefunika mtoto. "Leo unaiona mbaya. Lakini ikipikwa, dada, hata hilo gauni lako litaona haya."

Ketrina alikuwa amevaa gauni la kitenge cha manjano lenye mikono ya puto, alilolishona mwenyewe kwa siku nne, na hakuna mtu Tunduma aliyekuwa amewahi kulitukana. Alimtazama Jairo kutoka utosini hadi kwenye viatu.

"Nashona barazani kwa Mzee Watson Silwimba, karibu na mpaka," alisema. "Lete hiyo suti nizibe matundu. Halafu tutaona nani ataona haya."

Jairo hakuleta suti. Wiki iliyofuata alileta suruali iliyopasuka gotini.

Ketrina aliikunjua juu ya cherehani, akapitisha kidole kwenye mpasuko. Ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula.

"Nondo wa Mlowo siku hizi wanatumia wembe?"

"Wamesoma," Jairo alisema bila kupepesa.

"Shilingi kumi. Na tano za uongo."

Alilipa zote kumi na tano, akakaa juu ya debe tupu hadi basi la saa tisa. Wiki ya pili alileta shati. Wiki ya tatu hakuleta chochote, akakaa vilevile.

Katikati ya wiki walizungumza kwa simu. Ketrina alikwenda posta, akaomba namba ya shule, akangoja kwenye kibanda chenye harufu ya gundi. Tatizo lilikuwa moja: simu ya shule ilikuwa juu ya meza ya mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hakuwa na desturi ya kutoka ofisini mwake kwa ajili ya fundi wa maabara.

"Haloo, Jairo?"

"Ndiyo, mzazi. Shikamoo."

Ketrina akaziba mdomo kwa kiganja. "Marahaba, mwanangu. Umenikumbuka?"

"Sana, mzazi. Kila siku. Hata darasani."

"Na huyo mtoto wangu anaendeleaje?"

"Ana akili, mzazi. Ila ana tabia ya kujitenga. Ni kama ile bismuthi yetu. Metali nyingine ukiisogezea sumaku inavutwa, au inakaa tu. Hii inasukumwa, inasogea pembeni kidogo, kwa maringo."

"Labda sumaku yenyewe haijaoga."

Upande wa pili kulisikika kikohozi cha mtu mzima, kisha kiti kikilia. Jairo akasema kwa sauti ya ofisi, "Nitaleta ripoti ya mtoto Jumamosi, mzazi."

"Dakika tatu zimekwisha," akaingilia mama wa posta, ambaye alikuwa amesikiliza yote. "Na mimi nataka kuiona hiyo ripoti."

Ripoti ilikuja ndani ya boksi la chaki, imezungushiwa pamba. Ketrina aliifungua pale barazani, cherehani ikiwa kimya.

Alikitoa kwenye pamba. Kilikuwa kitu cha ukubwa wa ndimu, kizito mno kwa ukubwa huo. Kilikuwa na pembe za mraba, na ndani ya kila mraba kulikuwa na mraba mdogo, na ndani yake mwingine, ngazi zikishuka kwenda katikati kama nyumba iliyojengwa na mtu asiyejua kuchoka. Na rangi. Upande mmoja dhahabu, ukikigeuza waridi, ukikigeuza tena zambarau, bluu, kijani cha shingo ya bata. Alijua majina ya rangi za vitenge vyote vya mpakani, lakini hizi zilikuwa zinahama kabla hajazitaja.

"Nani kazichonga ngazi hizi?"

"Hakuna. Zimejipanga zenyewe ikipoa. Kingo zinakua upesi kuliko katikati, kwa hiyo katikati inabaki shimo, na shimoni kingo nyingine zinaanza."

"Na rangi umepaka na nini?"

"Sijapaka. Metali ikiwa bado ya moto inaguswa na hewa, inavaa utando, mwembamba kuliko ule wa kitunguu. Mwanga ukipiga juu ya utando na chini yake, unarudi umegawanyika. Umeona dizeli juu ya dimbwi pale stendi? Ni jambo hilohilo. Pale utando ni mwembamba inakuwa dhahabu, ukinenepa kidogo inakuwa bluu." Akasema kwa sauti ndogo, "Nimepika mara kumi na moja, Ketrina. Hii ndiyo ya kumi na moja."

Ketrina alifunga boksi.

"Gauni langu limeona haya," alisema.

Mzee Watson Silwimba, baba yake Ketrina, alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa chini ya ardhi, katika migodi ya shaba ya Zambia. Alirudi na mapafu yanayopiga filimbi, duka dogo, na maarifa ya mawe ambayo hakuna mtu Tunduma aliyethubutu kuyapinga. Mtu akiokota jiwe linalong'aa mtoni, alipelekewa yeye. Alikuwa akilinusa, akililamba, na kutoa hukumu.

Mwaka ule ulikuwa wa themanini na tatu. Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto, na wenye maduka mpakani walikuwa wakilala na viatu. Mzee Watson hakuwa na la kuficha, lakini alipekua nyumba yake mwenyewe kila asubuhi, kabla mtu mwingine hajaipekua. Asubuhi moja, chumbani mwa Ketrina, akafungua boksi la chaki.

Ketrina alimkuta amekaa kitandani, jiwe liko juu ya goti, mkewe Roda amesimama mlangoni na mwiko.

"Nani amekupa hili?"

"Jairo, tata. Ni bismuthi. Ameitengeneza mwenyewe."

"Mukwai," alisema kwa neno la adabu la kwao, "mwanangu, jiwe halitengenezwi." Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Hili nalijua. Tulikuwa tukilipasua huko chini, rangi hizihizi, bluu na zambarau. Tuliliita jiwe la tausi. Ni shaba ya mgodi. Niliyelala naye chumba kimoja alifungwa miaka mitatu kwa kipande kidogo kuliko hiki. Huyo kijana wako anavusha mali ya mgodi, na amepata ghala. Ghala ni nyumba yangu."

"Ana karatasi ya chuo, tata."

"Karatasi huandikwa na mtu." Akalirudisha jiwe kwenye pamba. "Leo Jumanne. Nampa siku hizi aseme kweli; Jumapili nikitoka kanisani nitalipeleka polisi mwenyewe, na jina lake. Sitangoja waje kulikuta hapa."

Ketrina angeweza kubisha. Lakini alikuwa amekua akiona watu wazima wakipanga foleni kumwonyesha baba yake kokoto. Jumatano, Jairo alipopewa ruhusa kuja Tunduma kuchukua chaki za shule, alimkuta Ketrina mkahawani, kavaa gauni jeusi, hana hereni.

"Umelitoa wapi lile jiwe?"

Jairo alitabasamu, akidhani ni mchezo. "Jikoni."

"Nakuuliza kweli."

"Nami nakujibu kweli. Nimelitengeneza mwenyewe."

"Baba amekaa na mawe miaka kumi na tisa. Anasema ni shaba ya mgodi, na jiwe halitengenezwi na mtu. Jairo, kama umelinunua kwa mtu, sema. Kama umelivusha, sema, tutafute njia. Lakini usiniambie hadithi ya sufuria."

Tabasamu liliondoka usoni mwake polepole.

"Nimeshakwambia lilivyotengenezwa. Hadi utando nimekueleza."

"Mwongo hodari hueleza vizuri."

Chai ililetwa. Hakuna aliyeigusa. Jairo akaweka sarafu mezani, akachukua katoni yake ya chaki, akainuka. Mlangoni alisimama kidogo, Ketrina akadhani atageuka. Hakugeuka.

Alhamisi Ketrina alishona sketi moja na kuifumua mara tatu. Lililomkera halikuwa hasira ya Jairo. Lilikuwa jambo dogo la kifundi. Mwizi wa jiwe angelichimba, angelivunja, na mahali lilipovunjika pangeonekana. Lile jiwe alilitazama upande wa chini siku ya kwanza, kama anavyotazama upande wa ndani wa gauni. Pale chini lilikuwa laini na limejipinda kidogo, kama uji uliogandia kwenye chungu.

Ijumaa alipanda basi la asubuhi kwenda Mlowo.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya kiberiti na mafuta ya taa. Jairo alikuwa akisafisha vikombe vya kioo. Alipomwona aliendelea kuvisafisha.

"Uliniita mwizi," alisema.

"Nilikuita mwongo. Mwizi alikuita baba."

"Ah. Nashukuru kwa kunisahihisha."

"Jumapili anakwenda polisi. Twende kesho, ukampikie mbele ya macho yake."

Jairo akaweka kikombe chini. "Siendi, Ketrina. Nikienda huko na sufuria nitakuwa mshitakiwa anayecheza ngoma ili aachiwe. Baba yako atasema ni kiinimacho. Na wewe utasimama pembeni ukingoja kuona kama mimi ni mtu wa kweli. Hilo silitaki hata kama nitafungwa."

Ketrina alivua sweta, akakunja mikono ya blauzi.

"Basi nifundishe mimi. Nitampikia mwenyewe."

Walitazamana. Nje wanafunzi walikuwa wakifyeka nyasi na kuimba.

"Kausha mikono," Jairo alisema hatimaye. "Tone moja la maji likiingia, metali inakurukia usoni."

Alimwonyesha mara moja tu, kisha akarudi nyuma. Ketrina aliweka mabonge mawili kwenye sufuria la chuma juu ya jiko la mkaa. Hazikupita dakika nyingi yakalegea, yakazama ndani ya yenyewe kama samli, yakawa kioo kinachotembea. Kipande cha mwisho ambacho hakijayeyuka kiliogelea juu.

"Kwa nini hakizami? Chuma kigumu si kizito zaidi?"

"Kwa nyingine, ndiyo. Hii ni kama maji na barafu. Ikiganda inatanuka." Sauti yake ilikuwa imeanza kupoteza ubaridi. "Ondoa utando wa juu kwa kijiko. Ipua. Sasa ngoja ianze kuganda pembeni, kisha umimine iliyo bado majimaji."

Alingoja kidogo mno. Alipomimina, metali yote ilitoka na sufuria likabaki tupu kama limelambwa. Mara ya pili alingoja kupita kiasi, ikaganda yote, bonge zima la kijivu.

"Utajuaje wakati wenyewe?"

"Gonga pembeni ya sufuria taratibu. Uso ukitetemeka kama maji, bado. Ukitetemeka kama uji, mimina."

Mara ya tatu Ketrina aliinamisha uso hadi joto likamchoma kope. Akagonga. Akagonga tena. Akamimina. Kwenye kuta za sufuria zilibaki ngazi, ndogo, zimepinda, lakini ngazi, na zikaanza kujivika dhahabu mbele ya macho yake.

Hakulia. Aliweka koleo chini, akasema, "Nimekukosea, Jairo."

Yeye alikuwa amegeukia dirisha. "Mimi ya kwanza iliyokubali ilikuwa ya tano," alisema. "Wewe ya tatu. Na bado sijaacha kukukasirikia."

"Kasirika. Lakini kesho njoo."

Jumamosi saa nne asubuhi, uani kwa Mzee Watson, Ketrina aliwasha jiko la mama yake. Alikuwa amevaa khanga kiunoni na kilemba kichwani, mikono mikavu. Jairo alisimama karibu na ukuta ndani ya kaunda suti ya matundu, mikono nyuma. Alikuwa amekwisha kuamkia, na shikamoo yake ilikuwa imejibiwa kwa pumzi badala ya neno.

Ketrina alichukua mabonge aliyoyabeba kutoka Mlowo. Baba yake akainua kidole.

"Hayo siyajui. Pengine yanafanya hivyo unavyosema. Mimi nalijua hili." Akatoa boksi la chaki mfukoni. "Shaba ya mgodi haiyeyuki kwenye jiko la mkaa, hata upulize hadi Jumatatu. Tia hili."

Kwa mara ya kwanza Jairo alisogea. "Mzee, hilo..." Akarudi ukutani.

Ketrina alilipokea. Aliligeuza mara moja juani, dhahabu, waridi, bluu, kijani cha shingo ya bata. La kumi na moja. Kisha akalitia sufuriani.

Ngazi zilisimama muda, kisha za chini zikaanza kuinama. Rangi zilijikunja kama karatasi. Mzee Watson alisogeza kigoda, akasogeza tena, hadi magoti yake yakakaribia mkaa. Jiwe la tausi likawa dimbwi jeupe linalong'aa, na juu yake ngozi ya kijivu ambayo Ketrina aliiondoa kwa kijiko. Akaongeza mabonge. Akaipua. Uani hapakuwa na sauti isipokuwa filimbi ya mapafu ya mzee.

Akagonga. Kama maji. Akangoja. Akagonga. Bado. Akagonga. Kama uji.

Alimimina.

Halafu akaweka sufuria mbele ya baba yake, nao wote wanne wakainama kutazama. Zilikuwa ngazi pana, zimesongamana, moja imemea juu ya mgongo wa nyingine. Zilikuwa nyeupe, kisha dhahabu ikapita juu yake kama mtu anapumulia kioo, ikafuata waridi, na kwenye pembe zilizochelewa kupoa bluu ikaanza kuingia.

Mzee Watson hakulinusa wala hakulilamba. Alilitazama mpaka sufuria likaacha kutoa joto.

"Miaka kumi na tisa," alisema, "tulipasua mawe. Sijawahi kuona hata moja likizaliwa." Akainuka kwa kushika goti, akamgeukia Jairo. "Kijana, nilikuita mwizi mbele ya mke wangu. Nakuomba radhi mbele yake. Na siku ukipika tena, niite. Nataka nijue hizo ngazi zinajuaje kunyooka."

"Nitakuita, mzee."

"Na jambo lingine. Mtu anayekuja kwangu kila Jumamosi na suruali nzima, mimi si kipofu. Huku kwetu hutumwa mshenga."

"Nilikuwa nimepanga kumtuma mwezi ujao, mzee. Halafu..." Jairo alimtazama Ketrina. "Halafu sikujua kama bado ninatakiwa."

"Mshenga atangoja, tata," Ketrina alisema. Alikuwa amejifuta masizi kwa mkono, yakahamia shavuni. "Kwanza nami niseme mbele ya watu. Huyu aliniambia kweli nikamwita mwongo, kwa sababu kweli yenyewe sikuwahi kuisikia kwa mtu wa kwetu. Jairo, nisamehe."

"Nimekusamehe tangu jana. Nilikuwa nanogewa na kukasirika."

"Basi na wewe una kosa lako. Pale mkahawani uliondoka. Mimi najifunza polepole, umeona, hadi mara ya tatu. Siku nyingine ukiniambia kitu nisikiamini, usibebe katoni yako ukaenda. Kaa. Niambie tena."

Jairo alimwendea, akamfuta masizi shavuni kwa kidole gumba, mbele ya mzee na mkewe.

"Utanioa hivyohivyo, na uzito wa kichwa?" Ketrina aliuliza.

"Mimi ndiye nilipaswa kuuliza."

"Ulichelewa."

"Nitakuoa hivyohivyo," Jairo alisema.

Roda alikuwa ameshasukuma sufuria la chuma pembeni kwa mguu na kuweka la ugali mahali pake. "Kama mmemaliza kupika vyuma," alisema, "nipisheni na mimi nipike chakula." Akavuta kigoda kutoka chini ya ukuta, akakipangusa kwa pindo la khanga, akakiweka kati ya cha mumewe na cha bintiye.

Jairo akakaa.